Namba ya Mfupa: Upimaji wa Msongamano wa Mifupa na Maana Yake

Mfupa wa mtu aliye hai haukai kama jiwe. Kila siku seli ziitwazo osteoklasti huumega mfupa mkongwe, na nyuma yake huja seli nyingine, osteoblasti, kulijaza pengo kwa mfupa mpya. Kwa mwaka mmoja karibu asilimia 10 ya mifupa ya mtu mzima hubadilishwa kwa njia hiyo. Utotoni na ujanani wajenzi huwazidi wabomoaji, na mtu anapofika umri wa miaka 25 hadi 30 hivi akiba yake ya mfupa huwa kileleni. Kisha mizani hugeuka taratibu. Kwa mwanamke hugeuka kwa kasi hedhi inapokoma, kwa sababu homoni ya estrojeni ndiyo iliyokuwa ikiwazuia wabomoaji wasizidishe kazi. Kwa mwanamume upungufu huja polepole zaidi, lakini huja.

Osteoporosisi, yaani ugonjwa wa udhaifu wa mifupa, ni hali ya wabomoaji kushinda kwa muda mrefu. Ndani ya pingili ya mgongo, na katika ncha ya juu ya fupa la paja, mna mtandao wa vijiti vyembamba vya mfupa vilivyoshikana kama fito za nyumba ya udongo. Ugonjwa huu huvila vijiti hivyo kama mchwa walavyo fito: ukuta ungali umesimama, chokaa haijabanduka, na mwenye nyumba analala humo bila habari. Hakuna homa wala maumivu. Mara nyingi taarifa ya kwanza ni mvunjiko wenyewe. Bibi ameteleza bafuni, nyonga imevunjika. Mama ameinua ndoo ya maji, pingili imebonyea. Mtu amejikwaa kizingitini, akajishika kwa kiganja, na mfupa umevunjika kwenye kifundo cha mkono. Mvunjiko wa namna hii, utokanao na anguko la kimo cha mtu aliyesimama au chini ya hapo, huitwa mvunjiko wa udhaifu. Ule wa nyonga ndio mzito kuliko yote: wengi wanaoupata hawarudi kutembea kama zamani, na baadhi hufariki kabla mwaka haujaisha. Upimaji wa msongamano wa mifupa ulibuniwa ili mchwa waonekane kabla ukuta haujaanguka.

Picha ya kawaida ya eksirei haitoshi kwa kazi hiyo, ingawa ipo tangu Wilhelm Röntgen alipogundua miale hiyo mwaka 1895. Huonyesha vizuri mfupa uliovunjika, lakini mpaka mfupa uonekane umefifia huwa umekwisha kupoteza takriban asilimia 30 ya madini yake. Hata hapo, kufifia kwa picha hutegemea pia nguvu ya miale na unene wa mgonjwa, na jicho haliwezi kutoa namba. Mwaka 1963 John Cameron na James Sorenson wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walichapisha njia ya kuipata namba hiyo. Mwale mwembamba kutoka kwenye iodini yenye mionzi ulipitishwa kwenye kigasha, na kifaa upande wa pili kikahesabu kiasi kilichopenya. Mfupa wenye madini mengi huzuia mwale zaidi. Njia hiyo ilifaa kigasha tu, mahali ambapo nyama ni chache. Mgongo na nyonga, sehemu ambazo mvunjiko wake huumiza zaidi, zimezungukwa na misuli, mafuta na utumbo kwa unene usiojulikana. Ilipasa kutumia miale ya nguvu mbili tofauti, kwanza kutoka kwenye madini ya gadolini yenye mionzi. Mwaka 1987 kampuni ya Hologic ilitoa mashine iliyoondoa madini hayo na kutumia bomba la eksirei. Hiyo ndiyo mashine ya DXA, ambayo hospitalini wengi huiita deksa, na hadi leo ndiyo kipimo ambacho vingine vyote hulinganishwa nacho.

Siri yake ni hesabu ya mambo mawili yasiyojulikana. Mtu aliyewekewa kapu lililofunikwa, lenye nazi na maembe, akiambiwa tu kwamba kapu lina kilo 14, hawezi kujua nazi ni ngapi. Akiambiwa pia kwamba matunda yote ni 20, kila nazi ni kilo moja na kila embe nusu kilo, jibu linapatikana: nazi 8, maembe 12. Mashine ya DXA hufanya hesabu ya aina hiyo kwa kila nukta ya mwili inayoipitia. Hupitisha eksirei za nguvu ndogo na za nguvu kubwa. Kalisiamu ya mfupa huzuia zile za nguvu ndogo zaidi sana kuliko nyama inavyozizuia, ilhali kwa zile za nguvu kubwa tofauti hiyo hupungua. Kwa kulinganisha vipimo viwili vya nukta moja, kompyuta huitenga nyama na kubaki na madini. Kisha hujumlisha gramu za madini, huchora mpaka wa mfupa, hupata eneo lake, na kugawanya. Matokeo huandikwa kwa gramu kwa kila sentimita mraba. Kazi yote huchukua dakika 10 hadi 20, na mionzi yake ni mikrosiveti chache tu, kiasi ambacho kila mtu hukipata kwa siku moja au mbili kutoka kwenye ardhi, anga na chakula.

Mashine ni hodari, lakini ubora wa kipimo huanzia kitandani, mikononi mwa mtaalamu wa mionzi. Mgonjwa huulizwa kama amemeza kidonge cha kalisiamu siku hiyo, kwani kidonge ambacho hakijayeyuka tumboni hukaa mbele ya mgongo na kuhesabiwa kama mfupa. Huulizwa pia kama siku chache zilizopita amenyweshwa dawa ya bariamu kwa ajili ya picha ya tumbo. Mkanda, zipu na vifungo vya chuma huvuliwa. Pwani ya Afrika Mashariki yapo mambo mawili ambayo miongozo ya ng'ambo haiyataji. La kwanza ni sarafu zilizofundikwa kwenye pindo la kanga kiunoni. La pili ni shanga za kiunoni, ambazo huulizwa faraghani, mwanamke kwa mwanamke, kwa maneno ya heshima: ni za kioo, kioo huzuia eksirei, na mahali zinapokaa ni juu ya pingili za chini zinazopimwa.

Kwa kipimo cha mgongo mgonjwa hulala chali na miguu yake huinuliwa juu ya boksi la sponji, mapaja yakisimama, ili mgongo ulale bapa na nafasi kati ya pingili zifunguke. Kwa nyonga kazi ni nyeti zaidi. Shingo ya fupa la paja haielekei pembeni moja kwa moja. Imeelekea mbele kidogo. Mtaalamu hushika mguu mzima, akasema, “Mama, niachie mguu, usinisaidie,” akauzungusha kwa ndani nyuzi 15 hadi 25, kisha akaufunga kwenye kibao cha pembetatu. Mguu ukizungushwa sawasawa, kinundu kidogo kilicho upande wa ndani wa fupa hujificha, na kwenye picha huonekana kidogo sana au hakionekani kabisa. Kinundu kikitokeza sana, shingo ya fupa imepigwa picha kwa mshazari, ikafupika, na namba hupanda bila haki. Daktari makini hutazama picha kabla ya kusoma namba.

Pingili zinazopimwa ni nne za kiunoni, L1 hadi L4. Nyongani huchukuliwa shingo ya fupa la paja na nyonga nzima. Pale ambapo mgongo na nyonga haviwezi kusomwa, au mgonjwa ni mzito kupita uwezo wa kitanda, au tezi za parathiroidi zimezidisha kazi, hupimwa kigasha.

Pingili nne hizo husomwa moja moja kabla ya kujumlishwa, na hapa mfano wa hesabu unafaa. Pingili yenye gramu 12 za madini na eneo la sentimita mraba 15 ina msongamano wa 0.80. Pingili hiyo ikibonyea kwa udhaifu, madini yake hayajaongezeka hata chembe, lakini eneo limepungua, tuseme hadi sentimita mraba 12. Msongamano sasa ni 1.00. Karatasini mfupa uliovunjika unaonekana imara kuliko ulivyokuwa mzima. Ndiyo maana pingili inayopishana sana na jirani zake huchunguzwa, na ikionekana imebonyea au imeota vinundu vya baridi yabisi, huondolewa kwenye hesabu. Kwa wazee vinundu hivyo, pamoja na chokaa iliyojijenga kwenye mshipa mkubwa wa damu ulio mbele ya mgongo, huupandisha msongamano wa mgongo kwa uongo. Kwa sababu hiyo, kadiri umri unavyosogea nyonga huaminika zaidi kuliko mgongo.

Namba yenyewe, tuseme 0.80, haisemi jambo mpaka ilinganishwe. Kikundi cha wataalamu wa Shirika la Afya Duniani kilikutana Roma mwaka 1992, na ripoti yake ya mwaka 1994 ikaweka utaratibu unaotumika mpaka leo. Msongamano wa mgonjwa hulinganishwa na wastani wa vijana wenye afya, na tofauti huhesabiwa kwa mkengeuko sanifu, kipimo cha takwimu kinachoonyesha jinsi watu wa kawaida wanavyotawanyika kuzunguka wastani wao. Jibu huitwa alama ya T. Kuanzia -1 kwenda juu ni hali ya kawaida. Kati ya -1 na -2.5 ni upungufu wa mfupa, au osteopenia. Kuanzia -2.5 kwenda chini ni osteoporosisi, na ikiwa mgonjwa amekwisha kupata mvunjiko wa udhaifu, ni osteoporosisi kali. Uhusiano wa namba hii na hatari ni wa kweli: kwa kila mkengeuko sanifu mmoja ambao msongamano wa nyonga unashuka, hatari ya kuvunjika nyonga hupanda takriban mara 2.6.

Alama ya T iliwekwa kwa ajili ya wanawake waliokoma hedhi, na hutumika pia kwa wanaume wa miaka 50 na zaidi. Kwa wanaume walio chini ya umri huo na wanawake ambao hedhi haijakoma hutumika alama ya Z, inayomlinganisha mtu na wenzake wa umri na jinsia yake. Z ya -2 au chini husomwa kuwa msongamano uko chini ya unaotarajiwa kwa umri huo, na daktari huanza kutafuta chanzo. Kumwambia msichana wa miaka 24 kwamba ana osteoporosisi kwa sababu ya alama ya T peke yake ni kosa, na ni kosa linalomtia mtu hofu ya miaka mingi bila sababu.

Ule mstari wa -2.5 ni wa makubaliano. Mfupa wa -2.4 na wa -2.6 ni ndugu wa tumbo moja. Zaidi ya hayo, ukihesabu watu wote wanaovunjika, wengi wako juu ya mstari, kwa sababu wenye upungufu wa wastani ni wengi mno kuliko wenye osteoporosisi.

Jambo linalostahili kukaziwa zaidi Afrika ni hili: hao vijana wenye afya ni akina nani? Kwa nyonga, kipimo cha kulinganishia kinachotumika ulimwenguni ni cha wanawake weupe wa Marekani wa miaka 20 hadi 29, waliopimwa katika uchunguzi wa kitaifa wa afya unaoitwa NHANES III. Mwanamke wa Tanga au Kisumu hupimwa kwa kivuli chao. Wala mashine hailioni umbo la mfupa kwa kina. Huona kivuli cha upande mmoja, na kivuli huwaonea wenye mifupa midogo. Bonge la mchemraba lenye sentimita 2 kila upande, likiwa na gramu 0.2 za madini kwa kila sentimita ya ujazo, lina gramu 1.6, na ukigawanya kwa eneo lake la sentimita mraba 4, unapata 0.4. Bonge la sentimita 3 lenye madini yaleyale kwa kila sentimita ya ujazo lina gramu 5.4, na ukigawanya kwa 9 unapata 0.6. Mfupa ni uleule kwa ubora, namba zimepishana kwa nusu nzima. Mtu mfupi mwenye mifupa myembamba hupewa alama ya chini hata kama mfupa wake hauna ugonjwa.

Gambia imetoa ushahidi mzito. Watafiti, wakiwemo Ann Prentice na wenzake waliofanya kazi kijijini Keneba, walionyesha mwaka 1996 kwamba wanawake wazee wa vijijini walikuwa na madini machache mifupani kwa kulinganishwa na Waingereza, na chakula chao kilikuwa na kalisiamu kidogo sana, lakini mivunjiko ya udhaifu ilikuwa nadra kwao. Kazi za mikono, umbo la nyonga, namna ya kuanguka na urefu wa maisha vyote vinaweza kuchangia. Somo lake kwa daktari ni kwamba alama ya T ni mlango wa mazungumzo na mgonjwa. Hatari inayotabiriwa na namba moja mjini London haihamishiki nzimanzima hadi kijijini, wala hatari ya kijijini haibaki vilevile mtu akihamia mjini, akaacha jembe, akaishi miaka 85.

Ndiyo sababu tangu mwaka 2008 alama ya T huunganishwa na mambo mengine ya mgonjwa kupitia FRAX, kikokotozi cha Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza. Huingizwa umri, jinsia, uzito, kimo, mivunjiko ya zamani, mzazi aliyevunjika nyonga, uvutaji sigara, pombe, baridi yabisi ya rumatoidi na dawa za steroidi, na hutolewa asilimia ya uwezekano wa kuvunjika ndani ya miaka 10. Hesabu hizo hujengwa juu ya takwimu za kila nchi, kwa hiyo nchi isiyo na takwimu zake hulazimika kukopa za wengine. Kisukari cha aina ya pili kinahitaji jicho la pekee, nacho kinazidi kuenea mijini kwetu: wenye kisukari hicho mara nyingi huwa na msongamano mzuri, na bado huvunjika zaidi ya alama yao inavyotabiri.

Nani apimwe? Marekani hushauri wanawake wote kuanzia miaka 65, na walio chini ya hapo waliokoma hedhi wakiwa na dalili za hatari. Mahali ambapo mashine ni chache na ziko katika miji mikubwa, orodha huanza na wenye haja kubwa: aliyepata mvunjiko wa udhaifu, anayemeza dawa ya steroidi kama prednisoloni kwa miezi mitatu au zaidi, aliyekoma hedhi mapema mno, na mwenye ugonjwa unaozuia chakula kufyonzwa. Makundi mawili huulizia mara nyingi. Kwa wanaotumia dawa za kufubaza VVU zenye tenofovia ya aina ya TDF, msongamano hushuka kwa kiasi katika mwaka wa kwanza au wa pili, kisha hutulia. Faida ya dawa ni kubwa kuliko upungufu huo, na hakuna sababu ya kuacha dawa kwa hofu ya mfupa. Wanawake wanaochoma sindano ya uzazi wa mpango ya Depo hupoteza mfupa kidogo wakati wa kuitumia, jambo lililofanya mamlaka ya dawa ya Marekani iiwekee onyo mwaka 2004, na sehemu kubwa ya mfupa huo hurudi baada ya sindano kuachwa.

Kipimo cha kwanza kikishasomwa na tiba kuanza, cha pili hufanywa baada ya mwaka mmoja au miwili. Hapa ndipo wagonjwa wengi huumizwa na karatasi. Mtu huyuhuyu akipimwa, akashuka kitandani, akapanda tena na kupimwa, namba mbili hazitalingana kabisa. Kila kituo kinapaswa kujua kosa lake: hupima watu 30 mara mbili, au 15 mara tatu, na kukokotoa kiasi cha kupishana. Kiasi hicho huzidishwa kwa 2.77, na jibu ndilo badiliko dogo kabisa linaloweza kuaminika. Kituo chenye kosa la 0.012 mgongoni hakiwezi kuamini badiliko lililo chini ya 0.033. Mgonjwa aliyepanda kutoka 0.812 hadi 0.839 amepanda 0.027, kitaalamu hajabadilika. Aliyeshuka kwa kiasi hichohicho naye hajabadilika, na asiambiwe kwamba dawa imeshindwa. Tena, kutobadilika kwa mtu anayetibiwa ni habari njema, kwa kuwa bila dawa angetarajiwa kushuka.

Kwa sababu hiyo kipimo cha pili hufanywa kwenye mashine ileile, na ikiwezekana na mtaalamu yuleyule. Mashine za kampuni ya Hologic na za kampuni ya GE Lunar huupima mgongo mmoja na kutoa namba zinazopishana kwa zaidi ya asilimia 10. Mgonjwa anayehama kutoka hospitali moja hadi nyingine huweza kuonekana amepona au ameangamia kwa kubadili jengo tu. Katika chumba kinachoendeshwa vizuri, sanamu ya pingili iliyofunikwa kwa plastiki hupimwa kila asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza, ili ijulikane kama kipimo cha mashine kimehama usiku.

Dawa za kutibu mfupa nazo zina kalenda zao. Alendroneti humezwa kila wiki, asubuhi kabla ya kula, kwa glasi ya maji, na mgonjwa hukaa wima nusu saa. Asidi ya zoledroniki hutundikwa kwa dripu mara moja kwa mwaka. Denosumabu huchomwa kila miezi sita, na ikiachwa ghafla mfupa uliopatikana hupotea kwa kasi na pingili kadhaa huweza kubonyea kwa mpigo. Mgonjwa anayeianza lazima ajue mapema kwamba sindano inayofuata haicheleweshwi, na kwamba siku ya kuiacha itahitaji dawa nyingine ya kuipokea.

Mahali pasipo na DXA ugonjwa bado unaweza kutambuliwa. Mashine ndogo za mawimbi ya sauti zinazopima kisigino hukadiria hatari, lakini alama yake hailingani na alama ya T ya ripoti ya mwaka 1994, wala haifai kufuatilia tiba. Mvunjiko wa nyonga au wa pingili uliotokana na anguko dogo kwa mtu wa makamo au mzee watosha kuthibitisha ugonjwa bila namba yoyote, kansa na magonjwa mengine yakishaondolewa. FRAX hufanya kazi hata bila alama ya T. Na kimo hupimwa kwa ubao wa ukutani ulio katika kila kliniki: mtu aliyepungua sentimita 4 au zaidi kuliko kimo chake cha ujanani anahitaji picha ya mgongo ya kutazamwa kwa pembeni, eksirei ya kawaida kabisa, ili pingili zihesabiwe moja moja na ionekane ipi imekwisha bonyea kimyakimya. Kinamama wengi hulitambua badiliko hilo kabla ya daktari, gauni la zamani linapoanza kuburuta chini upande wa mbele.